Chuma Hakirudishi Joto

Jumamosi, 7 Februari 1987

Mvua ya mawe. Imelichapa shamba la juu mpaka majani ya viazi yamelala chini. Mama alitoka na beseni kichwani akaanza kulitukana wingu, wingu na wazazi wake wote, nami nikacheka mpaka nikateleza nikaumia goti. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nitaingia darasani nikichechemea, watoto watafurahi sana.

Jumanne, 10 Februari

Nazario amerudi. Kitinda mimba wa mama yangu, aliyeondoka hapa ndevu hazijamwota, siku chache baada ya kumzika baba, akasema haishi tena kwenye kijiji kinachoua watu wake leo na kesho kinakwenda kanisani. Akaenda kuchimba bati. Sasa bei ya bati imeanguka, serikali imeufunga mgodi, na mkewe amemchoka, amekwenda kwao Cochabamba na mtoto. Ameshuka kwenye lori na kofia ya chuma, redio, na kisanduku cha mbao ambacho hakumruhusu utingo akiguse.

Mama alimpa supu ya shayiri. Aliinywa, mabakuli mawili. Nikamuuliza kisanduku kina nini.

"Kiinua mgongo changu, dada," akasema.

Nimeishi na harufu ya wachimbaji vya kutosha. Ni baruti. Vijiti vya baruti, utambi na fataki za kuwashia, chini ya kitanda cha mama yangu. Nilimwambia akiondoe humo usiku usijaingia. Amekipeleka kwenye zizi la lama, na amenuna.

Jumatano, 18 Februari

Mvua. Mto umefura, nusu ya darasa haikuvuka.

Alhamisi, 26 Februari

Redio ya wachimba migodi imesema kuna nyota imelipuka, wameiona huko Chile, na inaonekana kwa macho matupu. Nazario alidhani mtangazaji amelewa. Mimi nilitoka kuangalia. Mawingu yamefunga tangu Jumatatu. Mlima wetu wenyewe hatuuoni, sembuse nyota.

Jumanne, 3 Machi

Kanivali. Tulikwenda shambani kumwagia ardhi pombe ya mahindi, tukachimba shina moja kuangalia. Viazi vipo, vidogo lakini vizima. Mama aliviweka kwenye kitambaa akavibusu kama wajukuu.

Jua lilipotua mbingu ikafunguka ghafla upande wa kusini. Kuna lile wingu jeupe dogo la angani, ambalo halinyeshi wala haliondoki. Pembeni yake kulikuwa na nukta nyekundu ambayo sijawahi kuiona. Nazario aliiona kabla yangu. Tulisimama watatu tunaitazama. Mama akauliza ndiyo hiyo tu, akasema kwa kelele za redio alitegemea kitu kikubwa kidogo.

Kutoka ng'ambo ya mto zilisikika filimbi za Watu wa Chini. Sisi ni Watu wa Juu. Tunaoana nao, tunabadilishana mbegu nao, na kila Sikukuu ya Msalaba, mwezi wa Mei, tunakutana mjini kwenye uwanja wa kanisa tukapigana nao. Ngumi kwa ngumi, mtu na wa rika lake, na damu inayodondoka ni ya ardhi, ndipo mavuno yanakuja. Hiyo ndiyo tinku. Ikizidi mawe huruka, na mtu akifa halipizwi kisasi wala polisi hawaambiwi. Baba yangu Zenobio alikufa hivyo. Jiwe la Hilarión Puma lilimpata kwenye paji la uso.

Nazario alizisikiliza zile filimbi kwa muda mrefu. Akauliza kama Hilarión bado yu hai. Nikamwambia yu hai, na si hivyo tu: kila mavuno anavuka mto na jembe lake, anakuja kuchimba viazi kwenye shamba la mama, hasemi, haombi, na mama anampa chakula. Mimi sijawahi kumsalimia. Mtu asiye na haya yule. Nazario alikuwa hajui, maana wakati wa mavuno siku zote alikuwa mgodini.

Sikupaswa kumwambia leo.

Alhamisi, 12 Machi

Niliianika betri ya redio juani mchana kutwa ili isikike jioni, maana kulikuwa na mhadhiri mmoja mwanamke kutoka La Paz wa kuieleza ile nyota. Ana sauti ya mtu anayepika huku anazungumza. Naandika kabla sijasahau, nitafundisha darasa la sita.

Nyota kubwa ni tanuri. Kuni zake za kwanza ni haidrojeni. Ikiungua inaacha gesi ya heli. Haidrojeni ikiisha katikati, nyota inajibana kwa uzito wake, inapata moto mkali zaidi, inaichoma heli. Heli inaacha kaboni na oksijeni. Inajibana tena, inavichoma navyo. Jivu la moto wa jana ndilo kuni za moto wa leo. Moto wa kwanza ulidumu mamilioni ya miaka, na kila unaofuata ni mfupi kuliko ulioutangulia, mpaka ule wa silikoni ambao ni wa siku chache tu. Jivu lake ni chuma.

Hapo ndipo mwisho. Kila kilichotangulia, nyota ilikichoma kikairudishia joto, na joto hilo ndilo lililokuwa linaishikilia isiporomoke. Chuma hakirudishi joto. Kinakula tu. Basi nyota inaporomokea katikati yake, yote kwa pamoja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inajigonga yenyewe, inarudi nje, na nyota nzima inapasuka. Katika fujo hiyo zinafuliwa hata metali nzito ambazo moto wa kawaida hauziwezi. Vyote vinatupwa huko na huko. Baada ya miaka isiyohesabika vumbi hilo linajikusanya, linakuwa jua jingine, dunia nyingine, watu wengine. Chuma kilicho kwenye damu yetu na chokaa ya mifupa yetu vilipikwa huko na vikatapikwa huko.

Na hii tunayoiona ilikufa zamani sana. Mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajaikanyaga milima hii.

Nazario alikuwa anashona kiatu. Akasema mwamba nao ndivyo ulivyo, ukiulipua vizuri unanywea kwanza ndani ndipo unakuja. Akasema mhadhiri huyo angefaa kuwa mlipuaji. Nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu arudi kumwona na uso wa binadamu.

Jumatatu, 16 Machi

Nazario ameezeka paa la shule lililokuwa linavuja. Hakuombwa.

Jumatano, 25 Machi

Leo ametufundishia. Nilimwomba anisaidie kuonyesha jinsi nyota inavyorudi nje, akaja na mpira wa miguu na kimpira kidogo cha raba. Ukikiangusha kimpira peke yake kinaruka mpaka gotini. Ukikiweka juu ya mpira mkubwa ukaviangusha vyote pamoja, ule mkubwa unagonga chini na kile kidogo kinafyatuka mpaka darini. Kilivunja kioo cha dirisha. Watoto walipiga kelele mpaka mama zao wakaja kuchungulia kuna nini.

Moyo wangu ulitulia. Nilisema huyu amepona, hasira imemtoka. Kisha wakati tunafagia vioo akasema polepole, kama mtu anayerudia sala:

"Kwa hiyo bila mlipuko hakuna kitu, eti? Kila kitu kizima kimetoka kwenye kitu kilichopasuliwa."

Nikamwambia ndiyo, ndivyo sayansi inavyosema. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kufagia.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua imekwisha. Asubuhi maji ya ndoo yameganda barafu.

Ijumaa, 17 Aprili

Ijumaa Kuu. Nazario hakuja kanisani. Mama ana mafua.

Jumanne, 21 Aprili

Tumeanza kuvuna.

Asubuhi tulikuwa tumeinama, mama, mimi na Nazario, nikamwona Hilarión anapanda kutoka mtoni na jembe begani. Amezeeka. Meno ya mbele hana, aliyaacha uwanjani kwenye Msalaba fulani. Alivua kofia kwa mama, akaenda kwenye mstari wa mwisho kabisa wa shamba, akaanza kuchimba.

Nazario alinyooka. Aliuliza ni nani yule, ingawa alijua. Mama aliendelea kutupa viazi kwenye gunia. Nazario akaliinua jembe lake kwa mikono miwili akatembea juu ya matuta, viazi vinapasuka chini ya viatu vyake vya mgodini. Nilimkimbilia nikamshika ponchi, lile vazi lake la sufu la mabegani, akanisukuma nikaanguka kwenye mashina.

Hilarión hakukimbia. Alisimama akaweka mikono yote juu ya mpini.

"Wewe ni wa Zenobio," akasema. "Una masikio yake. Siku ya Msalaba nitakuwa uwanjani, upande wa mnara, usije kunitafuta kwingine. Hapa nimekuja kuchimba."

"Umemuua baba yangu, unakuja kula viazi vyake?"

"Sili mpaka nipewe."

Nazario alilipiga jembe la mzee kwa lake, mpini ukakatika vipande viwili, kipande kimoja kikamchana Hilarión shavuni. Damu ikashuka mpaka kwenye kola. Wakati huo mama alikuwa amekwishafika. Mwanamke mfupi vile, anayetembea na kikohozi. Alipita katikati yao akiwa na bakuli la viazi na pilipili, akaliweka mikononi mwa Hilarión, akasimama hapo mpaka mzee akala. Mbele ya mtoto wake. Nazario alitema mate chini akaondoka.

Nami nilikuwa upande wa Nazario. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwangalia yule mzee anatafuna kwa ufizi, damu yake inadondokea kwenye chakula chetu, nikasema moyoni, viazi hivyo vikusonge tu.

Alhamisi, 23 Aprili

Hilarión amekuja tena, na jembe jingine. Nazario hakushuka shambani.

Jumanne, 28 Aprili

Kisanduku hakipo zizini.

Nilimkuta Nazario nyuma ya shule anakata utambi kwa meno, vipande vifupi. Mtu wa mgodini akikata utambi mfupi hivyo hana nia ya kukimbia mbali. Nikamwambia tinku ni ngumi, mjinga wewe, haijapata kuwa baruti, ukitupa kitu hicho kwenye uwanja uliojaa watu utaua akina mama na watoto, na Juu na Chini hawatakutana tena milele. Akasema wachimbaji kila sikukuu wanalipua baruti, nani atashangaa.

"Wanalipua hewani," nikasema.

"Baba hakupigwa hewani."

Nikamwomba, nikamtukana, nikalia. Alinisikiliza kwa adabu zote, ndipo akanichoma na maneno yangu mwenyewe.

"Dada, mwalimu ni wewe. Umesema wewe, mbele ya watoto. Nyota isipopasuka hapapatikani hata chumvi. Mimi nimebanwa na kila upande, mgodi wamefunga, mke hayupo, mwanangu anamwita mtu mwingine baba. Unataka niporomokee ndani kimya kimya?"

Sijui nilipata wapi jibu, labda kwenye hasira. Nikamwambia alisikia nusu ya somo. Nyota ilichoma kila kitu kikairudishia joto, isipokuwa chuma. Kisasi ni chuma, Nazario. Utakichoma, na hutapata joto hata la kukanza vidole.

Alivitazama vile vipande vya utambi.

"Basi mimi nimekwisha kufika kwenye chuma, dada yangu," akasema.

Ijumaa, 1 Mei

Ameondoka na kundi la wapiga filimbi wa Juu. Wanatembea kwa miguu mpaka mjini, wanalala njiani. Amevaa kofia ya ngozi ya baba, ile ya kupigania, na kidoa cheusi bado kipo mbele. Chini ya ponchi kuna kitu kimefura ubavuni. Niliwaambia vijana wawili wampekue, wakanicheka, wakasema dada mtu ana wivu hajaruhusiwa kupigana.

Nilirudi ndani nikamkuta mama anachambua viazi vya mbegu. Nikamwambia mwanao amekwenda kuua, nawe unachambua. Nikamwambia ni kosa lako, wewe na bakuli lako, ungemfukuza yule mzee tangu mwaka wa kwanza haya yasingetokea.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza kama nakumbuka baba alikuwa anakwenda wapi kila mavuno na jembe, ng'ambo ya mto. Nakumbuka. Alikuwa akirudi jioni amechoka, ananuka pombe, nami siku zote nilidhani anakwenda kunywa.

Alikuwa anakwenda kuchimba. Kabla mimi sijazaliwa, kwenye Msalaba mmoja, baba yangu alimpiga kaka wa Hilarión, akaanguka, hakuamka. Mavuno yalipofika baba akavuka mto akachimba shamba la mama yao, na mwaka uliofuata, na kila mwaka mpaka alipokufa. Mama yule mzee alikuwa anampa bakuli. Mkono ulioliondoa jembe la mtu shambani ulilipe kwa jembe, akasema mama yangu. Hilarión analipa alichoona kikilipwa kwao.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, alikuwa anangoja nini.

"Mnauliza jiwe limetoka wapi," akasema. "Viazi vimetoka wapi hakuna aliyeuliza."

Nafunga daftari. Nakwenda mjini. Nikipata lori vizuri, nisipopata nitatembea.

Jumatatu, 4 Mei

Niko zahanati ya mjini, sakafuni, mgongo ukutani. Yamekwisha kutokea.

Lori sikupata. Niliingia mjini jana mchana, malengelenge yamepasuka viatuni. Makundi yalikuwa yamejaa uwanjani, yanazunguka na filimbi zao ndefu, miguu inapiga chini kwa pamoja mpaka unaisikia kwenye meno. Wanawake wanaimba na kuchapa mijeledi chini ili duara lisijifunge. Polisi wamesimama mbele ya duka na bunduki zao za moshi wa kutoa machozi. Wawili wawili wanaume walikuwa wanaingia katikati, wanatupiana ngumi za kuzungusha, pua zinapasuka, wanaachanishwa, wanakumbatiana, wanatoka, wengine wanaingia. Mtu mmoja wa Chini alitema jino akalipokea kwa mkono akacheka. Ndivyo ilivyo siku zote. Nimekua nikiiona na sijawahi kuiogopa kama jana.

Nazario nilimwona upande wetu, mkono mmoja ndani ya ponchi. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Kwa filimbi zile ilikuwa kama kumwita mtu aliyelala kaburini. Nilijaribu kupenya, nikarudishwa na viwiko. Na mbele yake, upande wa mnara kama alivyosema, alikuwa Hilarión, na bandeji shavuni, na nyuma yake wanawake wa Chini wamepanga mistari na watoto mgongoni.

Jiwe la kwanza likaruka. Sijui la nani. Wakati wa mawe watu wanatawanyika kila mtu kwenye upande wake, katikati panabaki patupu, na hapo ndipo nilipoona kijimoshi kinatoka chini ya ponchi ya mdogo wangu.

Sikuwaza. Nilivuka. Mwanamke wa Juu, mwalimu, nikakimbia katikati ya mawe nikaenda kusimama na Watu wa Chini, bega kwa bega na Hilarión Puma. Jiwe la wenzangu lilinipata kwenye mbavu. Nikageuka kumtazama Nazario. Alikuwa ameutoa mkono, kijiti kiko hewani, anataka kutupa. Akaniona. Tulitazamana. Niliona mdomo wake unatamka dada.

Angeweza kukitupa nyuma, angeweza kukitupa juu, lakini pande zote palikuwa na watu, na utambi aliukata mwenyewe. Alisimama tu. Aliganda na kijiti mkononi kama mtoto aliyeshikwa anaiba.

Aliyekwenda ni Hilarión. Mzee yule alikimbia, sijui miguu alipata wapi, akamfikia, akaushika ule mkono akaupinda chini kuelekea pembe ya ukuta wa mnara, akajaza kifua chake hapo katikati, kati ya mkono na watu.

Mlio sikuusikia. Nilisikia kimya. Kisha vumbi, na udongo wa ukuta unatunyeshea, na kitu chenye joto kikaniangukia shavuni. Nilifuta. Ilikuwa damu, si yangu. Watu walikuwa wamelala chini wote, Juu na Chini, wamefunika vichwa. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanajipapasa. Wote wazima. Katika uwanja ule mzima walikuwa wazima isipokuwa wawili.

Hilarión alikuwa hana kifua. Sitaandika zaidi. Nazario alikuwa amekaa ameegemea ukuta, anatazama mahali mkono wake wa kulia ulipokuwa, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani ana kitambaa. Niliufunga kwa mshipi wa marehemu. Ulikuwa umekatikia karibu yetu, mshipi mwekundu wa kufumwa, ni kazi ya mkewe. Niliukaza kwa kipande cha ukuni mpaka damu ikasimama.

Polisi walikuja na moshi wao, wakauliza nani ametupa. Watu wa Juu walitazama chini. Watu wa Chini walitazama chini. Akatoka mwanamke mmoja mnene, ponchi ya mumewe mikononi, imelowa. Ni Gregoria, mke wa Hilarión. Nilijua sasa atasema, na ni haki yake.

"Walikuwa wanasherehekea," akasema. "Ni ajali ya sherehe. Tuacheni tuzike."

Polisi akauliza mara ya pili. Akajibiwa hivyo hivyo, na Juu, na Chini, na hata watoto.

Nilimwambia Nazario habari ya baba kwenye lori la kumleta zahanati, maana sikuweza kuibeba tena. Baba alimuua kaka wa Hilarión. Baba alichimba. Hilarión alichimba. Alinisikiliza na kichwa chake mapajani mwangu. Hakulia wakati wanamkata nyama na mifupa iliyobaki, ila hapo kwenye lori alilia.

Nami najiuliza. Nisingevuka, angetupa, wangekufa kumi. Nilivuka, akasita, amekufa mmoja, na ni yule niliyemwombea viazi vimsonge. Hesabu hiyo naijua. Haisaidii.

Ijumaa, 8 Mei

Homa. Anaita mtoto wake.

Jumanne, 12 Mei

Homa imeshuka. Tumerudi nyumbani. Mama alimpokea mlangoni, akaushika mkono uliobaki akaunusa. Hakumgombeza. Mimi nilitaka amgombeze.

Jumamosi, 16 Mei

Watoto wameniuliza kama ile nyota bado ipo. Nimewaambia ipo, inazidi kung'aa. Redio imesema hivyo kabla betri haijafa kabisa.

Jumatano, 20 Mei

Leo alfajiri niliamshwa na kishindo cha vyombo. Nazario alikuwa anajaribu kujifunga jembe mgongoni kwa mkono mmoja, linaanguka, analiokota, linaanguka. Nikajua anakwenda wapi. Nilimwambia kidonda hakijafunga, angoje mwakani. Akasema viazi vya watu havikai ardhini mpaka mwakani. Nikamfunga jembe, nikavaa shali, nikamfuata kwa nyuma.

Tulivuka mto pale kwenye mawe. Watu wa Chini walikuwa mashambani. Walisimama mmoja mmoja wanatutazama tukipanda. Waliobweka ni mbwa tu. Nilikuwa na hakika watampiga. Nilikuwa nimebeba mawe mawili mfukoni, mimi mwalimu.

Gregoria alikuwa ameinama na binti zake wawili. Nazario alivua kofia. Akaenda kwenye mstari wa mwisho wa shamba, akaushika mpini chini karibu na chuma, akauegemeza kwenye kigutu cha ule mkono uliofungwa, akachimba. Pigo la kwanza alikosa. La pili likatoa kiazi kimekatika katikati. Jasho lilimtoka kama maji, bandeji ikaanza kuwa nyekundu, na matone yanadondokea kwenye udongo uliofunguliwa. Binti mmoja alitaka kusema kitu, mama yake akamzuia.

Mchana Gregoria alikuja na bakuli. Viazi na pilipili, kama kwetu. Alilinyoosha. Nazario alilipokea kwa mkono wake wa kushoto, akabaki amelishika hivyo, mvuke unamgonga usoni. Mkono wa kulia hana. Alikuwa hawezi kula. Alisimama na bakuli lake mbele ya mjane wa mtu aliyemuua.

Nilitaka kwenda. Nikabaki mstarini.

Gregoria alimwangalia, uso umekauka kama ardhi ya mwezi wa nane. Kisha akanyoosha mikono akalichukua bakuli, akalishika yeye chini ya kidevu cha Nazario.

"Kula," akasema. "Mstari bado mrefu."